Mita Nane za Shangazi

Sitamsifu baba yangu hapa. Anayetaka sifa zake akasome cheti alichopewa siku ya kustaafu. Kimeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba alikuwa mtumishi mwadilifu, na aliyekitia sahihi ni mtu ambaye baba alimnyima sahihi yake. Cheti hicho kiko juu ya kabati la vyombo, kimelazwa kifudifudi. Aliyekilaza ni shangazi, na hakuna mtu humu ndani mwenye ubavu wa kukigeuza.

Mjini walimwita Futi. Alikuwa mpima viwanja wa baraza la mji kwa miaka thelathini na moja, na futi yake ya kupimia, utepe mrefu ulioviringwa ndani ya kasha la ngozi, aliibeba kila mahali, hata harusini. Mama husimulia kwamba siku alipokuja kumposa alikaa sebuleni kwao akiukodolea macho ukuta, na kabla hajaaga akamwambia baba mkwe wake mtarajiwa kuwa ukuta ule umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya baba. Alisema kweli bila kuulizwa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kando ya ziwa. Sheria ya mji wetu ni nyepesi, mtoto wa darasa la pili anaielewa: nyumba isijengwe ndani ya mita thelathini kutoka pale maji yanapofika ziwa likijaa. Sababu ni mbili. Maji yakipanda yasimkute mtu kitandani, na choo cha mtu kisivujie kwenye maji ambayo mji mzima unayanywa. Mwaka baba alipoanza kazi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, ziwa lilijaa mno, na yeye ndiye aliyetumwa kuutembea ukingo wote akipanda jiwe la zege kila maji yalipoishia. Mawe sitini na moja. Aliyapaka rangi nyekundu, na kila kiangazi alirudi kuyapaka upya kwa mkono wake, hata alipokuwa na cheo cha kumtuma mtu.

Maji yakarudi chini, wakaja wenye nafasi zao kununua viwanja. Kila mmoja alikuja na ujanja uleule: tupime kutoka maji yalipo leo. Kiangazi maji yalikuwa hatua arobaini chini ya jiwe.

"Futi, maji yale pale, jiwe hili hapa," mmoja alimwambia mbele yangu. Nilikuwa bado msichana wa shule, nimempelekea baba miwani aliyoisahau. "Tunapima ziwa au tunapima kumbukumbu zako?"

"Ziwa limetoka kidogo," baba akajibu, ameinama kushika ncha ya utepe pale jiweni. "Litarudi. Hapa ndipo kwake."

Walicheka, na utani huo ulimfuata mpaka sokoni. Ukichelewa kurudisha deni la sukari unaambiwa, hujambo, umetoka kidogo? Yeye alitia pamba masikioni akaendelea kupima kutoka jiweni.

Sheria ile ilikuwa na huruma kidogo ndani yake. Mtu ambaye kiwanja chake hakijengeki, si kwa kosa lake, hana kingine, na nyumba yake haitamdhuru mtu, aliweza kuiomba kamati ya ujenzi impunguzie zile mita. Mpima anaandika ripoti, kamati inapiga kura, mtu anapewa kibali. Kwa miaka kumi na tisa baba hakumpendekeza hata mmoja. Walioomba wote walitaka tu kufungua dirisha na kuona maji karibu zaidi, na hiyo haikuwa shida ya kupelekwa kwenye kamati.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi ni mdogo wake baba, amemfuata, tumbo moja, ziwa moja. Ni fundi cherehani. Mumewe alifariki akamwachia kiwanja kando ya maji, kilichonunuliwa enzi ambazo huko kulikuwa na mbu na nyasi tu. Kutoka jiwe jekundu hadi barabarani kilikuwa na mita hamsini na mbili, kinatosha kabisa. Kisha baraza la mji likapanua barabara, likamega mita kumi na moja upande wa nyuma bila fidia ya maana. Zikabaki arobaini na moja. Ukitoa sita zinazotakiwa kando ya barabara, ukitoa na thelathini za ziwa, unabaki na tano.

"Nyumba ya mita tano!" shangazi alikuwa akisema. "Nikinyoosha miguu kitandani, vidole vinamsalimia dereva barabarani." Alisema akicheka, maana wakati ule alikuwa bado anacheka. Alipanga chumba kimoja nyuma ya soko, kitanda upande huu, cherehani upande ule, na wateja waliokuja kupimwa nguo walisimama katikati kwa zamu.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa masjala, chumba cha mafaili, ukuta mmoja na ofisi ya baba, kwa hiyo siku shangazi alipoleta maombi yake niliyasikia yote.

"Karibu, kaa," baba alisema. "Jina kamili la mwombaji?"

"Kaka, jina langu hulijui?"

"Najaza fomu."

"Haya. Basi andika pia kwamba mwombaji ndiye aliyechapwa kwa chungu ulichokivunja wewe."

"Hakuna nafasi ya hayo," baba akasema, na nadhani hakuwa anatania.

Akamwita mwombaji kwa miaka miwili. Hata akija kwetu Jumapili, baba alimwambia mama, "Mwombaji amefika, muongezee kiti." Tulidhani ni mzaha. Kusema kweli baba hakuwa mtu wa majina ya mapenzi. Mama aliitwa wewe, mimi niliitwa huyu, na shangazi utotoni aliitwa we mtoto, alipokua hakuitwa kitu. Yeye shangazi ndiye aliyemwita kaka katika kila sentensi. Kaka pokea, kaka kaa, kaka umekonda.

Miaka miwili fomu ile ilikaa mezani kwake. Ingekuwa ya mtu baki mwenye shida ileile, angeimaliza kwa wiki mbili. Hilo nalijua kwa sababu mafaili nilikuwa nayo mimi, na hilo ni moja ya mambo ambayo sijamsamehe. Aliogopa watu watasema amembeba wa kwao, na kwa hofu hiyo akamtupa wa kwao.

Mwishowe mama alimvaa. "Mpime kama unavyompima mwizi," alimwambia, "lakini mpime!"

Akaenda kupima. Alipima mara tatu, siku tatu tofauti, kama vile ardhi ingeweza kubadili mawazo. Akaandika ripoti ya kurasa nne kwa mkono wake, na nitasema kilicho haki: sijapata kusoma ripoti iliyoandikwa vizuri kama ile. Alieleza jinsi baraza lenyewe lilivyomega kiwanja. Alieleza kwamba mwombaji ni mjane, fundi cherehani, hana kiwanja kingine. Akapendekeza apunguziwe mita nane, zibaki ishirini na mbili, nyumba iwe ya vyumba viwili na sebule, msingi uinuliwe, choo kikae upande wa barabara mbali kabisa na maji. Na mwisho wa ukurasa wa nne, chini ya kila kitu, akaongeza mstari mmoja: Mwombaji ni dada yangu wa tumbo moja.

Mama aliusoma mezani, nikiwepo. "Huo mstari wa mwisho utoe. Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeuliza. Ndiyo maana nauandika."

"Mji mzima unajua ni dada yako."

"Basi hakuna ubaya ukiandikwa."

Siku ya kamati alisoma ripoti yake, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la korido, kofia magotini, wakati watu saba wakipiga kura ndani. Kura zote zilikubali. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye sauti laini na leso nyeupe isiyokauka, alitoka kumpa mkono. "Leo Futi umelegea," alimwambia, na wote wakacheka kwa upendo.

Nyumba ilichukua miaka mitatu. Msingi ulitoka kwenye sare za shule, kuta zikatoka kwenye magauni ya maharusi, na bati lote lilitoka kwenye mapazia ya hoteli moja ambayo shangazi aliyashona mpaka vidole vikafa ganzi. Mlango akaupaka rangi ya buluu. Cherehani akaiweka barazani, ikitazama maji, na wateja sasa walikaa kwenye viti. Nilikuwa nikipita jioni nikitoka kazini, na nasema bila aibu kwamba sijawahi kuona mtu mzima akifurahia ufunguo namna ile. Aliuvaa shingoni.

Kosa langu mimi lilianza hapo. Ripoti za vibali vilivyokwisha kutolewa ni za wazi, mtu yeyote ana haki ya kuzisoma. Siku moja alikuja masjala tajiri mmoja tuliyemwita Mwenye Malori, kwa sababu nusu ya malori ya mji yalikuwa yake. "Binti," akaniambia, "nasikia baba yako kaandika ripoti ambayo haijawahi kuandikwa hapa. Nipe nami nisome nijifunze." Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kichwa kikanivimba. Nikamtolea kopi ya kurasa zote nne, nikazibana vizuri, nikamwambia hata asiuruke ukurasa wa tatu, pale panapoelezwa choo.

Miezi miwili baadaye akaleta maombi yake. Kiwanja chake kilikuwa na mita tisini, angeweza kujenga shule. Lakini barua ilikuwa maneno ya baba neno kwa neno, barabara iliyomega, kiwanja kisichojengeka, msingi utakaoinuliwa. Aliyemnakilia hakujisumbua hata kusoma. Katikati ya ukurasa wa pili, Mwenye Malori, mwenye mke na tumbo na mlinzi getini, aliliandikia baraza kwamba yeye ni mjane, fundi cherehani, hana kiwanja kingine.

Baba aliandika kwa herufi kubwa: SIPENDEKEZI. Akasimama mbele ya kamati akauliza, "Huyu ni mjane wa nani?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walipomaliza kucheka wakapiga kura, wakamkubalia.

"Ulianza wewe, Futi," Mwenyekiti alimwambia, akijifuta shingo. "Ukishampa dada yako, mwingine utamnyima kwa hoja gani?"

Hoja alikuwa nazo, kurasa nne nzima. Hakuna aliyezitaka. Kwa miaka sita iliyofuata waliopewa vibali walifika kumi na mmoja pamoja naye, wote kwa maneno yaleyale, wote juu ya SIPENDEKEZI ya baba, na nyumba zao zikashuka mpaka chini ya mawe mekundu. Kopi nyingine sikutoa mimi. Zilitoka kwenye kopi yangu.

Kisha ziwa likarudi kwake.

Mvua zilinyesha misimu miwili mfululizo na maji yakaanza kupanda, wiki kwa wiki, bila kelele. Yalipita ukuta wa Mwenye Malori, yakaingia sebuleni, makochi yakaelea. Mashimo ya vyoo vya nyumba zile kumi na moja yakafurika, na pampu ya mji iko hatua chache kutoka hapo. Mabomba yakaanza kutoa maji yenye harufu. Watoto wakaharisha, wodi zikajaa, watu wawili kitanda kimoja. Mji ukachachamaa, na kutoka juu ikaja habari kwamba wakaguzi watafika Jumatatu kuangalia nani alipewa kibali cha kujenga karibu na maji, na kwa njia gani.

Ijumaa asubuhi Mwenyekiti alimwita baba, akaniambia na mimi nije na faili la shangazi. Baba alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu.

"Mzee wangu," Mwenyekiti alianza, sauti asali tupu, "hawa watu lazima waondoke na kitu mkononi. Nimepitia mafaili yote. Yale kumi na moja hayana doa, wewe ulipinga, kamati ikapiga kura, utaratibu ulifuatwa. Lenye doa ni moja tu." Akalifungua faili mpaka ukurasa wa nne, akaweka kidole kinene chini ya mstari wa mwisho. "Mpima kampendekeza dada yake. Umejishitaki mwenyewe kwa mwandiko wako."

Baba aliinama akausoma mstari wake.

"Ukurasa huu unaweza kuandikwa upya. Binti yupo hapa, mwandiko wako anaujua. Dakika kumi." Akafungua saraka ya meza, akatoa karatasi nyingine. "Na mimi nina jambo langu dogo. Nimejenga kidogo kule karibu na pampu, nimefika kwenye madirisha. Sina ripoti ya mpima. Weka sahihi, tarehe ya mwaka juzi. Karatasi moja inatoka, moja inaingia, Jumatatu tunakunywa chai."

Nilijua hayo madirisha, kila mtu aliyajua. Yalikuwa mita tisa kutoka jiweni, na shimo la choo lilikuwa limechimbwa upande wa maji.

"Nipe mpaka Jumatatu," baba akasema.

Mchana ule tulikwenda kwa shangazi, mimi na yeye. Alikuwa barazani akishona sare. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye jiwe jekundu la kiwanja chake, yakalilowesha miguu, yakasimama hapo. Miaka thelathini walimcheka baba kwa jiwe lile, na sasa lilikuwa kweli mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyekuja kumwambia pole wala hongera. Kati ya maji na mlango wa buluu kulikuwa na mita ishirini na mbili za majani makavu.

Baba alimweleza kila kitu, bila kutia chumvi wala kupunguza. Shangazi alisikiliza akikata uzi kwa meno. Alipomaliza, akauliza, "Kwa hiyo sahihi unaiweka leo au Jumatatu?"

Baba akatazama viatu vyake.

"Kaka. Umekuja kuniuliza au umekuja kuniaga?"

"Pampu ile inanywesha mji mzima," baba akasema. "Watoto wanaumwa sasa hivi. Nikimwekea sahihi yule, choo chake kitakuwa juu ya bomba."

"Mji mzima haukuninunulia bati hata moja."

"Najua."

"Hujui. Wewe umepima nyumba maisha yako yote, hujawahi kukosa ya kulala." Hakupaza sauti. "Wale kumi na mmoja wameishi kwa maneno uliyoniandikia mimi. Nami niishi kwa uongo wako mmoja tu, kaka. Mmoja. Halafu ukastaafu na ukweli wako uliobaki."

Nilingoja baba aseme ndiyo. Mungu ananiona, nilimwombea dhambi. Ufunguo wa masjala ulikuwa kwenye mkoba wangu, faili lilikuwa kwenye rafu ya tatu, na mwandiko wa baba nauiga tangu nikiwa shuleni, nilipokuwa nikijiandikia barua za ruhusa. Jumamosi nzima na Jumapili nzima ningeweza kwenda kuandika upya ukurasa ule bila kumwuliza mtu, na sahihi ya Mwenyekiti ingebaki kuwa shida ya Mwenyekiti. Sikwenda. Nilikuwa nangoja baba aniambie, mwanamke mzima wa miaka thelathini. Kwa hiyo nikisema sijamsamehe baba, mnielewe kwamba nawazungumzia wawili, yeye na mimi.

Jumatatu wakaguzi walikuja, watu watatu wenye viatu safi. Baba hakuwa ameweka sahihi. Walipofika ukurasa wa nne, mmoja alisoma mstari wa mwisho kwa sauti, na Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kibali cha shangazi kikafutwa palepale kwa sababu kilitolewa kwa upendeleo wa kindugu. Baba akapewa likizo ya lazima. Mpima mwingine akakaimu nafasi yake, na kabla ya Alhamisi kulikuwa na ripoti safi katika faili la Mwenyekiti, sahihi mbichi, tarehe ya mwaka juzi. Niliipokea masjala mimi mwenyewe, nikaigonga muhuri.

Hivyo ndivyo baba alivyouokoa mji. Choo cha Mwenyekiti kiko pale mpaka leo.

Tingatinga lilikuja baada ya wiki tatu. Lilipita mbele ya geti la Mwenye Malori, ambaye makochi yake yalikuwa yameanikwa juu ya ukuta, likapita kwenye nyumba zote kumi na moja zilizosimama ndani ya maji, likaja kwenye ile moja iliyosimama pakavu. Shangazi alikuwa ameshatoa cherehani na kitanda, na alikuwa akiwaelekeza vijana wa mtaani jinsi ya kung'oa mlango wa buluu bila kuvunja fremu.

Baba alikuja. Hakuitwa na mtu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye jiwe, akainama, akabana ncha ya utepe chini ya kokoto, akarudi kinyumenyume mpaka ukutani, watu wote wakimtazama, dereva amezima injini. Akasoma, akaandika kwenye kidaftari chake. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: 22.00. Haikuzidi wala haikupungua. Nilitamani kuunyakua ule utepe niutupe ziwani pamoja na kidaftari na ukweli wake wote. Badala yake nilimshikia kasha la ngozi wakati akiuviringa.

"Umeridhika?" shangazi alimwuliza.

"Ilijengwa sawasawa," baba akasema. Nadhani alitaka kumsifu.

Ukuta wa kwanza ulianguka kwa ndani, juu ya pale palipokuwa sebule. Shangazi alikuwa ameukumbatia mlango, umemzidi kimo, na hakugeuka.

Sasa anaishi kwetu, chumba cha nyuma, kitanda upande huu na cherehani upande ule. Mlango wa buluu umeegemezwa uani, kuku wanalala nyuma yake. Anakula nasi, anafagia, anashona, hamkosei mtu adabu. Lakini neno kaka limemtoka kinywani. "Mpima, maji ya kuoga tayari." "Mpima, kuna mgeni wako." Mara ya kwanza mama alidhani ni utani akacheka, kisha akauona uso wa shangazi.

Siku ya kustaafu baba alirudi na kile cheti. Walimpa Mwenyekiti kazi ya kukitia sahihi na kukisoma, uadilifu, uaminifu, mfano wa kuigwa, na watu wakapiga makofi. Alikiweka mezani, akakaa na suti yake, kofia magotini kama siku ile ya benchi. Hakuna aliyemwambia hongera. Cherehani ilikuwa ikilia chumba cha nyuma, mlango uko wazi.

Baada ya muda mrefu aliinuka, akasimama kwenye kizingiti cha chumba kile. Mimi nilikuwa jikoni, nawaona wote wawili. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukisikia kikitoka mdomoni mwake katika maisha yangu yote.

"Dada," akasema.

Shangazi aliusimamisha mguu wake kwenye cherehani. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka usoni.

"Usiniite hivyo," akasema. "Ulishaniita mara moja, ukaweka na sahihi. Ona nilipo."

Akainamia kitambaa chake, akaendelea kushona.